Mpigo Wenye Meno: Fani na Maudhui katika Leza ya Hewa Ukaa

Mwaka 2011 fizikia ya viongezakasi vya chembe ilipata makala mbili fupi zinazostahili kusomwa pamoja, moja ikiwekwa ubavuni mwa nyingine. Ya kwanza ilichapishwa Januari katika Physical Review Letters. Mwandishi wake wa kwanza ni Charlotte Palmer wa Imperial College, London, na jaribio lenyewe lilifanyika Brookhaven, maabara ya taifa ya Marekani iliyoko Long Island, New York. Ya pili ilitoka Novemba katika Nature Physics, kwa mkono wa Dan Haberberger, Sergei Tochitsky, Chan Joshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Zote mbili zinasimulia kisa kimoja. Leza ya gesi ya kabonidioksidi, ile hewa ukaa tunayoitoa kila tunapopumua, inaelekezwa kwenye mpulizo mwembamba wa gesi ya haidrojeni, na upande wa pili zinatoka protoni zenye kasi kubwa, karibu zote zikiwa na nishati moja. Mhusika ni yuleyule, mandhari ni ileile, mwisho unafanana. Lakini kisa cha Long Island kinaishia kwenye protoni za elektrovolti milioni 1 hivi, zenye mtawanyiko wa nishati wa asilimia 4, na kile cha Los Angeles kinafika elektrovolti milioni 20, mtawanyiko ukiwa asilimia 1.

Tofauti hiyo imetoka wapi? Jibu la haraka ni kwamba leza ya Los Angeles ilikuwa na nguvu zaidi. Ni kweli, lakini haitoshi. Sehemu kubwa ya jibu imo katika umbo la mpigo wa mwanga: umeanzaje, umekatwa vipande vingapi, uga wake wa umeme unayumba kwa mstari au kwa duara, na kabla yake palipita nini.

Shuleni tulizoeshwa kugawa kila kazi ya fasihi katika safu mbili, fani upande mmoja na maudhui upande mwingine, tukajaza kila safu kwa hoja zake na kupata alama. Washairi wetu nao waligombana kwa muda mrefu kuhusu jambo hilihili. Amri Abedi aliweka kanuni za vina na mizani katika kitabu cha mwaka 1954. Kezilahabi akaja na diwani ya Kichomi mwaka 1974 akizivunja waziwazi. Waliogombana waliuliza kama umbo ni shairi lenyewe au ni vazi lake. Ninaliheshimu sana swali hilo, na ninadhani limepata uwanja mpya mahali ambapo hakuna neno hata moja linalosemwa. Katika leza ya gesi, ukitenganisha fani na maudhui unabaki huna cha kueleza. Nitajaribu kuonyesha hivyo kwa kuusoma mpigo wenyewe kwanza, kisha makala zilizoandikwa juu yake.

Mtunzi wa kwanza wa mpigo huu ni molekuli. Mwaka 1964 C. Kumar N. Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs, New Jersey, alionyesha kuwa kabonidioksidi inaweza kutoa mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10 na kidogo, mwanga wa joto ambao jicho haliuoni. Haikuchukua muda kugundulika kwamba gesi hiyo ikichanganywa na naitrojeni na heliamu nguvu yake inapanda sana. Umeme unazitikisa molekuli za naitrojeni, na kwa kuwa hizo haziwezi kuutoa mtikisiko kwa njia ya mwanga, zinauhifadhi mpaka zigongane na kabonidioksidi, ambayo mtikisiko wake mmojawapo una nishati karibu sawa. Heliamu inaondoa joto na kuzishusha molekuli zilizokwisha kutoa mwanga, ili ziwe tayari kwa zamu nyingine.

Molekuli ya kabonidioksidi ni mstari ulionyooka: oksijeni, kaboni, oksijeni. Inatetemeka, na wakati huohuo inazunguka. Mwanga wa leza unazaliwa pale mtetemo unapobadilika, lakini mzunguko nao una sauti yake: kwa kila hali ya mzunguko, rangi ya mwanga inasogea kidogo. Kwa hiyo leza hii haina rangi moja tu, wala haina utepe wa rangi uliojaa. Ina mistari mingi, iliyopangana kwa nafasi karibu sawa, kama meno ya chanuo.

Na chanuo hilo limekosa nusu ya meno yake. Oksijeni mbili za pembeni zinafanana kabisa, na kiini cha oksijeni ya kawaida hakina mzunguko wa ndani. Kanuni za kwanta zinasema kwamba molekuli yenye pande mbili zisizotofautishika namna hiyo hairuhusiwi kuwa katika hali zote za mzunguko. Moja inaruhusiwa, inayofuata inakatazwa, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Ulinganifu wa molekuli unakata nusu ya mistari. Katika somo hili lote hakuna kinachonivutia kuliko hapa: kimya cha rangi fulani kinaeleza kwamba oksijeni ya kushoto na ya kulia ni kitu kimoja.

Mtu anayetaka mpigo mrefu hajali mianya hiyo. Tatizo linaanza ukitaka mpigo mfupi, kwa sababu mpigo mfupi unahitaji rangi nyingi zilizokaa pamoja bila pengo. Chukua mpigo wa pikosekunde 3. Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Upitishe katika chumba cha kukuzia mwanga kilichojaa kabonidioksidi. Gesi inazikuza rangi zilizoangukia kwenye meno na kuziacha zilizoangukia kwenye mianya. Katika tawi mojawapo, yaani kundi mojawapo la mistari ya molekuli hii, mstari na mstari vimeachana kwa takriban mitetemo bilioni 55 kwa sekunde. Gawanya sekunde moja kwa bilioni 55, unapata pikosekunde 18. Mpigo ulioingia ukiwa mmoja unatoka ukiwa msururu wa mipigo, kila mmoja ukiufuata uliotangulia baada ya pikosekunde 18. Meno yaliyokuwa katika rangi yamehamia katika wakati.

Msomaji asipoishika hesabu hiyo ndogo, makala zote mbili za 2011 zitampita. Msururu haukubuniwa na mtafiti yeyote. Umerithiwa kutoka kwenye molekuli, na kila kundi lililofanya kazi na leza hii limelazimika kuamua litaishi nao vipi.

Dawa ya kwanza iliyojulikana ni shinikizo. Molekuli zikisongwa zinagongana mara nyingi zaidi, na kila mgongano unaunenepesha mstari. Kwa shinikizo la angahewa 10 mistari inaanza kugusana. Kuilainisha kabisa kungetaka angahewa 25 hivi, na kupitisha umeme kwa usawa katika gesi iliyoshindiliwa kiasi hicho ni kazi ngumu mno. Mwanga wenyewe nao unaweza kunenepesha mistari ukiwa mkali vya kutosha, na Los Angeles walitegemea hilo, kwani chumba chao kikubwa cha kukuzia kilifanya kazi kwa angahewa 2.5 tu. Mwaka 2010 Haberberger, Tochitsky na Joshi walitangaza kuwa wamepata terawati 15, yaani wati trilioni 15, katika mpigo wa pikosekunde 3. Lakini msururu ulibaki.

Dawa ya Brookhaven ilikuwa ya kisarufi zaidi: walibadili oksijeni. Ukichukua oksijeni ya kawaida, yenye uzito wa 16, na ile nzito ya 18 kwa kiasi sawa, molekuli zinazopatikana ni za aina tatu. Robo zina 16 pande zote, robo zina 18 pande zote, na nusu zina moja ya kila aina. Hizi za mwisho hazina tena pande mbili zinazofanana, kwa hiyo katazo linaanguka na meno yaliyokosekana yanarudi. Juu ya hilo, mistari ya aina hizo tatu imesogeana kidogo, na meno ya moja yanaingia katika mianya ya nyingine. Mikhail Polyanskiy, Igor Pogorelsky na wenzao walionyesha, mwaka huohuo wa 2011, kwamba mchanganyiko huo ukiwekwa katika chumba cha shinikizo kubwa unaukuza mpigo wa pikosekunde bila kuupasua. Kuvunja ulinganifu wa molekuli ili kuurudishia mpigo uzima wake: sijui hatua ya kihandisi inayoonyesha wazi zaidi kwamba umbo la kitu kikubwa linaamuliwa na umbo la kitu kidogo kilicho ndani yake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuhangaike na gesi hii ilhali leza za fuwele zinatoa mipigo mifupi zaidi na safi zaidi. Jibu ni urefu wa wimbi. Elektroni iliyomo katika mwanga mkali inayumbishwa huku na huku, na nishati ya kuyumba huko inakua kwa mraba wa urefu wa wimbi. Kwa ukali uleule, mwanga wa mikromita 10 unaiyumbisha elektroni kwa nishati mara 100 kuliko mwanga wa mikromita 1. Halafu lipo suala la uwazi. Plazma, yaani gesi ambayo elektroni zake zimeng'olewa, huruhusu mwanga kupita mpaka msongamano wa elektroni zake ufikie kikomo fulani, na zaidi ya hapo mwanga unarudishwa. Kikomo hicho kinashuka kwa mraba wa urefu wa wimbi. Kwa leza ya mikromita 1 ni kama elektroni bilioni bilioni 1,000 katika sentimita moja ya ujazo, msongamano ambao kwa kawaida unaupata kwa kupiga kitu kigumu kama karatasi ya chuma. Kwa mikromita 10 ni bilioni bilioni 10, na hapo hata mpulizo wa haidrojeni, mwembamba kuliko hewa ya chumbani, unageuka ukuta.

Kwa mtu anayetaka protoni, jambo hilo lina thamani kubwa. Ukipiga karatasi ya chuma, protoni nyingi unazopata zinatoka kwenye uchafu: unyevu na mafuta yaliyokaa juu ya karatasi. Ukipiga haidrojeni, hakuna kingine cha kutoka isipokuwa protoni na elektroni. Na mpulizo wa gesi unajirudisha wenyewe kwa kila pigo, wakati karatasi iliyotobolewa lazima ibadilishwe.

Sifa ya wimbi refu ya kuyumbisha elektroni kwa nguvu iliwahi pia kuua mradi mzima. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Los Alamos huko New Mexico walijenga leza kubwa za kabonidioksidi, Helios kisha Antares, wakitaraji kubana vitonge vya fueli ya nyuklia mpaka viini viungane. Leza zilifanya kazi. Kilichokataa ni kitonge: elektroni zilizoyumbishwa na mawimbi marefu zilipata nishati kupita kiasi, zikapenya mpaka ndani na kukipasha joto kabla hakijabanwa. Utafiti wa muungano wa nyuklia ukahamia kwenye leza za kioo zenye mawimbi mafupi. Ninaukumbusha mkasa huu kwa sababu wengi wanaosimulia historia ya leza ya gesi wanaufungia hapo. Elektroni zilezile zenye nishati kupita kiasi, zilizokuwa balaa Los Alamos, ndizo zinazozaa wimbi la kishindo katika makala ya Nature Physics.

Kundi la Los Angeles lilikuwa limeshajifunza kuyatumia meno ya chanuo miaka mingi kabla. Mwaka 1993 Christopher Clayton, Joshi na wenzao walichagua mistari miwili tu, wa mikromita 10.29 na wa 10.59, wakaipitisha pamoja katika plazma. Mawimbi mawili ya rangi zinazokaribiana yakipandana yanatoa mdundo, yaani ukali unapanda na kushuka kwa kasi iliyo sawa na tofauti ya marudio yao. Watafiti waliurekebisha msongamano wa plazma mpaka mtetemo wake wa asili ukaenda sawa na mdundo huo. Kila pigo liliusukuma mtetemo palepale ulipokuwa tayari kusukumwa. Elektroni zilizoingizwa zikiwa na elektrovolti milioni 2.1 zilitoka na milioni 9.1, katika umbali wa sentimita moja hivi. Mwaka uliofuata, katika Nature, walifikisha milioni 28. Hapo hakuna anayeweza kusema mwanga ni nguvu na mdundo ni pambo. Ukiondoa mdundo, mwanga uleule wenye nishati ileile unapita katika plazma na elektroni zinabaki zilivyo.

Yapo mapokeo mengine ambayo hayahitaji plazma, nami nitayagusa tu. Brookhaven kuna kiongezakasi cha mstari kilichokaa jirani na leza ya kabonidioksidi, na elektroni zake zinapitishwa katika safu ya sumaku zinazoziyumbisha huku mwanga ukizifuata, ili wimbi liweze kuzipa nishati. Jaribio la STELLA, lililochapishwa mwaka 2001 na Wayne Kimura na wenzake, lilifunga hatua mbili mfululizo kwa leza moja: ya kwanza ikazipanga elektroni katika vifungu vidogo vilivyoachana kwa urefu wa wimbi mmoja, ya pili ikaviongezea kasi. Mwaka 2014 kundi la Joseph Duris na Pietro Musumeci lilizipeleka elektroni kutoka milioni 52 hadi milioni 93 za elektrovolti katika sentimita 54 za sumaku zilizosokotwa. Hapa pia wimbi refu ni neema, kwa kuwa ni rahisi zaidi kukitia kifungu cha elektroni ndani ya mikromita 10 kuliko ndani ya mikromita 1.

Sasa turudi kwenye makala mbili. Ile ya Palmer imeandikwa kwa ukavu unaonivutia. Kichwa chake kinataja msukumo wa mwanga, na hoja nzima inaegemea uwiano mmoja: ukali wa mwanga ukigawanywa kwa msongamano wa gesi. Mwanga ukiigonga plazma na kurudishwa, unaisukuma. Ukali ukizidi unasukuma zaidi, na gesi ikiwa nzito inasogea polepole zaidi. Watafiti walipitisha mwanga mwingine wa kuchunguzia ubavuni na kuuona uso wa plazma ukisogezwa mbele. Kisha walionyesha kwamba nishati ya protoni inafuata uwiano ule. Chaguo la umbo linaendana na hoja: uga wa umeme wa leza yao ulizunguka kwa duara, na mwanga wa namna hiyo haupandi wala kushuka ndani ya wimbi, kwa hiyo unasukuma kwa utulivu na hauzikorogi elektroni sana. Fani tulivu kwa maudhui ya msukumo. Ni makala iliyojibana, isiyodai zaidi ya kilichopimwa.

Makala ya Haberberger imechukua njia nyingine kwa kila kipengele. Uga wa mwanga wake unayumba kwa mstari mmoja, na mwanga wa hivyo unadunda mara mbili katika kila wimbi, ukizikoroga elektroni na kuzipa joto kali. Waandishi wanautaja msururu wa mipigo ndani ya muhtasari wenyewe, mahali ambapo kila neno linapimwa, na ninawasifu kwa hilo. Mtu aliyeona aibu na meno yake angeyaficha katika sehemu ya vifaa. Hawa waliyaweka mlangoni.

Nao walikuwa na sababu. Mipigo ya mwanzo ya msururu inafika kwenye haidrojeni, inang'oa elektroni, inaitengeneza plazma na kuipa joto. Upande wa nyuma, ule usiopigwa na mwanga, plazma inatanuka polepole na kuacha mteremko mrefu wa msongamano. Mipigo inayofuata inakuta mahali palipoandaliwa. Elektroni zilizopata joto zinaanzisha wimbi la kishindo ambalo halihitaji chembe kugongana. Linabebwa na uga wa umeme. Wimbi hilo linasafiri katika plazma, na protoni zilizo mbele yake zinakutana na uga huo kama zinavyokutana na ukuta unaotembea, zikarudishwa mbele kwa kasi maradufu ya wimbi. Ukuta ni mmoja na kasi yake ni moja, kwa hiyo protoni nazo zinapata kasi moja: karibu moja ya tano ya kasi ya mwanga. Mteremko mrefu wa nyuma ni wa lazima. Ukiwa mkali, uga wa umeme unaojengeka mwishoni mwa plazma unazivuta protoni kwa viwango tofauti na kuuharibu ule usawa wa nishati. Ndiyo maana karatasi za chuma zilizokuwa zikitumiwa na wengine zilitoa protoni za kila nishati, kuanzia ndogo hadi kubwa.

Kwa hiyo asilimia 1 ya Los Angeles imetokana na dibaji. Dibaji hiyo iliandikwa na mipigo ya mwanzo, na mipigo ya mwanzo ilitokana na meno, na meno yametokana na molekuli. Ukimpa mhakiki mpigo wa terawati kadhaa uliolainishwa ukawa mmoja, wenye nishati jumla ileile, hana tena kisa kilekile.

Nina kipingamizi kimoja dhidi ya makala hii, nacho kinahusu hitimisho. Waandishi wanaeleza kuwa kwa hesabu za kompyuta, leza zilizopo zingeweza kutoa protoni za elektrovolti milioni 200, kiwango kinachotakiwa kutibu saratani iliyo ndani ya mwili. Ni utabiri halali wa kompyuta, lakini umewekwa karibu mno na kipimo cha milioni 20, katika sauti ileile, na msomaji mwenye haraka anaweza kuubeba kama matokeo. Idadi ya protoni zilizokuwa katika kilele kile chembamba ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na mahitaji ya hospitali. Mgonjwa anahitaji nishati, anahitaji idadi, na anahitaji kila pigo lifanane na lililopita. Makala imeandika kwa ufasaha kuhusu la kwanza, na mawili mengine yalistahili nafasi kubwa zaidi.

Kinachonirudisha Brookhaven ni makala ya tatu, iliyochapishwa mwaka 2015 katika Physical Review Letters na Olivier Tresca na wenzake. Kundi lililolainisha meno lilikuwa limejinyima dibaji iliyokuja bure. Sasa walilazimika kuiandika kwa mkono. Walituma kwanza mpigo mdogo, wa ukali usiozidi wati trilioni 100 kwa sentimita mraba, ukalipua wimbi ndani ya gesi na kuukusanya msongamano wake. Baada ya nanosekunde 25, wakati wa kutosha kwa gesi kujipanga, ulifuata mpigo mkuu, wenye ukali unaozidi wati trilioni 10,000 kwa sentimita mraba. Chembe ziliongezewa kasi pale tu nishati ya mpigo mdogo ilipokuwa ndani ya ukanda mwembamba. Mteremko wa msongamano ulipokuwa mrefu, kama mikromita 40 au zaidi, zilitoka protoni na heliamu za kila nishati. Ulipofupishwa hadi mikromita 20 au chini yake, protoni zilikaribia nishati moja.

Naiona makala ya 2015 kuwa bora kuliko zote tatu, ingawa namba zake hazishangazi. Mbili za kwanza zinaeleza umbo lililopatikana. Hii inaligeuza umbo kuwa kitu cha kurekebishwa kwa vipimo, mikromita kwa mikromita. Inaonyesha pia kwamba mteremko wa mbele, ule unaotazama leza, na mteremko wa nyuma uliowafaa Los Angeles, ni vitu viwili vyenye kazi mbili, na kwamba neno mteremko peke yake halitoshi kueleza kwa nini kundi moja lilitaka urefu na jingine likataka ufupi. Msomaji asiyejali fani angesema makala hizi zinapingana. Hazipingani, zimeandaa sehemu tofauti za gesi ileile.

Hadithi ya meno haikuishia hapo. Brookhaven waliendelea kuufupisha mpigo, wakitumia mbinu iliyowapa Donna Strickland na Gérard Mourou sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018: kuunyoosha mpigo kabla ya kuukuza, kisha kuukunja tena. Mbinu hiyo ilikuwa mazoea katika leza za fuwele; katika leza ya kabonidioksidi ilionyeshwa mwaka 2015, na mwaka 2020 Polyanskiy na wenzake walitangaza terawati 5 katika pikosekunde 2, kwa gesi yenye isotopu zilizochanganywa, yaani oksijeni ya 16 na ya 18. Mpigo ulikuwa mmoja, hauna meno.

Kisha mwaka 2024, katika Nature Communications, Rafal Zgadzaj, Michael Downer na wenzao walieleza kilichotokea mipigo hiyo ilipopitishwa katika haidrojeni nyembamba ili kuongezea kasi elektroni. Mpigo wa pikosekunde 4, wenye nguvu isiyofika nusu ya terawati, ulikutana na plazma ambayo mtetemo wake wa asili unachukua chini ya moja ya tano ya pikosekunde. Mpigo ulikuwa mrefu mno kwa plazma hiyo, na plazma ikaukata: mwanga ulianza kudunda kwa mtetemo wa plazma, plazma ikatetemeka zaidi kwa sababu ya mdundo huo, na mpigo uliolainishwa kwa jasho la miaka mingi ukawa tena na meno, safari hii yakiwa yamechongwa na mlengwa wenyewe. Mawimbi ya plazma yalionekana. Mipigo mifupi na yenye nguvu zaidi iliendesha mawimbi hata katika plazma nyembamba mara kumi na zaidi, ikanasa elektroni kutoka ndani ya plazma na kuzipa kasi inayokaribia ya mwanga, na katika mwale uliotoka yakaanza kujitokeza makundi ya elektroni zenye nishati zinazokaribiana.

Katika plazma hiyo nyembamba kabisa, mtetemo mmoja unachukua karibu theluthi mbili za pikosekunde, na wimbi lake lina urefu wa karibu moja ya tano ya milimita, nafasi kubwa ajabu kwa kazi ya aina hii. Mpigo wa pikosekunde 2 bado unafunika mitetemo mitatu. Ukifupishwa mpaka chini ya nusu ya pikosekunde, plazma haitapata muda wa kuukata. Itafunguka mara moja nyuma yake kuwa povu moja, na elektroni zitasafiri ndani ya povu hilo. Kwa ufupi huo gesi lazima ikuze utepe wa rangi mpana kuliko tawi moja la chanuo, kwa hiyo kazi inarudi tena kwenye shinikizo, kwenye oksijeni ya 16 na ya 18, na kwenye mianya ambayo bado haijajazwa.